Mbao Tulizozigeuza kwa Mama Mbula

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi ya nywele ngumu na sabuni ya kipande, nikaonyeshwa viti vya bustani vya mbao vilivyokuwa vimenyeshewa mpaka vikawa rangi ya jivu. Kusugua nilikujua. Nilikuwa nimeosha sufuria za moto wa kuni tangu utoto, kwa hivyo nikachuchumaa, nikaanza kwa nguvu, mkono ukizunguka na kuzunguka. Fundi Mkuu, Bwana Musembi, akaja akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni.

"Mama Ndinda," akasema, "hiyo ni sufuria?"

"Hapana, Fundi."

"Basi mbona unaizungusha? Angalia nyuzi zake zinaelekea wapi, uende nazo. Ukizikata leo, kesho mwenye kiti atakaa chini na kuinuka akilia."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, na hapo ndipo nilipoingia kazi ambayo ingenizeesha. Ilikuwa miaka ya tisini, bado michanga. Karakana ya Bwana Musembi ilikuwa nyuma ya soko hapa Machakos mjini, na kazi yake haikuwa kutengeneza vitu vipya. Yeye alifufua mbao za nje: milango, madirisha, viti vya bustani, na zaidi ya yote veranda na sakafu za mbao zinazokaa juani na kwenye mvua. Mimi shule niliacha darasa la nne, lakini jina la mtu likiniingia sikioni halitoki. Upande wa kusafisha tulikuwa mimi, Syombua aliyeimba kwaya huku akisugua, Bi Rukia wa karibu na msikiti, aliyetufundisha kufunga leso kichwani ili vumbi la msasa lisituingie, na Katunge. Huyu Katunge mtamsikia sana, kwa sababu mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

Ninyi wajukuu mkiona ubao wa kijivu mnasema umekufa. Haujafa. Ule ukijivu ni ngozi ya juu tu iliyochomwa na jua, chini yake ubao uko salama. Bwana Musembi alikuwa akidunga kwa ncha ya bisibisi: ikigoma, ubao ni mzima, ikizama kama kwenye ugali, umeoza, utoe. Halafu alidondosha maji. Tone likikaa juu likimetameta, ubao bado uko na mafuta yake. Likinywewa mara moja, alisema, "Huyu ana kiu," na hapo tulijua kuna kazi.

Kwanza tulifagia, tukakwangua uchafu kati ya ubao na ubao kwa kisu butu. Kisha tukaosha, tukaacha ukauke kabisa, na hapa ndipo wateja walipogombana nasi, kwa sababu walitaka mafuta yapakwe siku ile ile. Ukipaka mafuta juu ya ubao wenye maji ndani, umefunga mlango mgonjwa akiwa ndani. Ukishakauka ndipo unapita na msasa, mkali kwanza halafu laini, ndipo unapaka mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, yaliyochanganywa na tapentaini kidogo ili yapenye, au rangi ya mbao ile inayoingia ndani badala ya kukaa juu kama masizi. Hatukupaka saa ya jua kali, maana mafuta hukauka kabla ya kuingia. Na vitambaa vya mafuta tulivianika kwenye ua kimoja kimoja. Ukivikunja ukavirundika hupata joto vyenyewe, vikashika moto bila mtu kuwasha kiberiti. Nimeona kwa macho yangu.

Adui yetu mkubwa alikuwa oili chafu, ile inayotolewa kwenye injini za magari. Watu walipaka nyumba zao wakisema inafukuza mchwa. Kweli inafukuza, lakini kuitoa, ee Mungu, brashi zililia.

Kituo changu cha kwanza mbali na karakana kilikuwa hoteli moja ya wageni upande wa Lukenya, iliyokuwa na sakafu pana ya mbao ikitazama tambarare. Meneja alikuwa mama mrefu, Bi Wanza, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alikuwa ameamua kung'oa sakafu yote aweke saruji. Bwana Musembi akamwomba ruhusa ya kung'oa ubao mmoja tu. Akaugeuza. Upande wa chini, ambao jua halikuwahi kuuona, ulikuwa mwekundu, laini, unanukia kama umetoka msumenoni jana.

"Meneja, unapika chapati?" akauliza.

"Napika."

"Unatupa chapati ikiiva upande mmoja?"

Bi Wanza akacheka mpaka funguo zikalia. Tukageuza sakafu nzima, ubao kwa ubao, ikawa kama mpya. Tangu siku hiyo sifa ya Bwana Musembi ikawa ni ile: mzee anayegeuza mbao. Watu walikuja kutoka mpaka Athi River wakitaka wageuziwe. Naye aliipenda sifa hiyo, kwa nini asiipende? Ilikuwa haki yake.

Na sifa hiyo ndiyo iliyomleta Kimeu.

Kimeu alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River, mtu wa shati lililopigwa pasi, mpole. Mamake, Mama Mbula, aliishi peke yake nyuma ya kilima cha Lukenya, kwenye mashamba yaliyokatwa kutoka ranchi ya zamani. Marehemu babake Kimeu, Mzee Nzioka, alikuwa seremala wa ranchi, na ndiye aliyejenga ile nyumba kwa mbao za mtarakwa, imeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mteremko na mchwa. Veranda yake ilianza mlango wa chumba cha kulala, ikapita mbele ya nyumba yote, ikakunja kona hadi mlango wa jikoni. Mbele haikuwa na ukingo wa kushika. Ngazi tu, na chini mawe.

Kimeu alituambia mama alikuwa ameenda Kalama kwa binti yake, na angependa arudi akute veranda mpya. "Nataka afurahi," akasema. "Imezeeka sana, ina mabonde, nahofia ataanguka."

Jambo moja hakutuambia, nasi hatukuuliza: kwamba Mama Mbula alikuwa haoni. Hata kidogo. Si kwamba alituficha. Kwake lilikuwa jambo la kila siku, na mtu hasimulii mambo ya kila siku.

Tukafanya kazi, na ninasema bila aibu ilikuwa kazi nzuri. Tuling'oa mbao zote kwa mtaimbo, tukazirundika uani. Bisibisi ilizama kwenye mmoja tu, tukautoa tukaweka mpya mahali pake: ule ubao wa ukingoni, juu ya ngazi, uliokuwa umelika katikati na kuoza kichwani. Katunge aliupasua, ukatuchemshia chai. Zilizobaki tukazigeuza, tukazipanga upya ndefu na ndefu, fupi na fupi, kila moja ikikaa pale inapoenea, maana ubao wa kugeuzwa hauwekwi alama. Tukapiga msasa. Tukapaka mafuta. Ukipitisha kiganja hukuhisi mahali ubao mmoja unaishia na mwingine unaanza. Bwana Musembi aliweka gololi ya mtoto sakafuni ikakaa tuli pale pale.

Siku mama aliporudi tulikuwa tunakusanya vyombo. Kimeu alimshika mkono mpaka juu ya ngazi. Alikuwa mama mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Akatusalimu kwa Kikamba, "Mwakya," tukamjibu. Kisha akavua viatu, akaviweka kando sawasawa, akasema, "Niache sasa," kama mtu aliyefika kwake.

Akapiga hatua. Akasimama. Akapapasa kwa wayo, mbele, kando, mbele tena.

"Kimeu," akasema, "hapa umenileta kwa nani?"

Katunge akacheka. "Mwaitu," akamwita, yaani mama, "si ni kwako! Tumekung'arishia tu."

Mama Mbula hakucheka. Akaenda hatua chache kwa haraka, kama anayemfuata mtu, akageuka mahali pasipo na kona, akaja moja kwa moja kuelekea ukingo wenye mawe chini. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilimkamata kiunoni, ndoo yangu ikaanguka ngazini ikipiga kelele. Nilipomtazama usoni ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumempofusha mara ya pili.

Kimeu alikuwa amegeuka rangi. "Basi, mama. Basi! Tuliahidiana nini? Ulisema siku ukishindwa kutoka kitandani mpaka jikoni peke yako, unakuja kukaa na mimi Athi River. Umeona mwenyewe. Macho yameshindwa."

"Macho yalishindwa kitambo, na uji wangu nilipika," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo ni miguu yangu mmeichukua."

"Kuna chumba tayari. Hutakaa peke yako."

"Chumba kwenye ghorofa. Nitajua aje kumekucha, nitasikia kuku wa nani?"

Syombua alikuwa analia kimya kimya. Bwana Musembi akavua kofia yake. Akaitazama ile sakafu yake nzuri, kisha akapiga magoti mbele ya mama yule.

"Mwaitu, mimi ni Musembi, ndiye nimekosea. Tutakuwekea ukingo wa mbao wa kushika, kutoka mlango hadi mlango."

"Nishike ukingo," akasema, "na kikombe na sahani nishike na nini?"

Bwana Musembi akakuna kichwa. "Kweli."

"Mbao zangu mmepeleka wapi?"

"Ni hizi hizi, mwaitu. Zimelala kifudifudi."

"Basi ziamsheni."

Kimeu alitaka kukataa. Bwana Musembi akamwomba, mtu mzima kumwomba kijana: "Tupe nafasi tuzirudishe. Tukimaliza, mama aende jikoni na kurudi bila kushikwa. Akishindwa, mimi mwenyewe nitambebea sanduku hadi Athi River." Kimeu akatazama mawe, akamtazama mama, akakubali. Lakini alisema atakuwa pale kuona, na kwamba hatamwacha mamake afe kwa sababu ya mbao. Sikumlaumu. Mtoto akiogopa kwa ajili ya mama, hiyo nayo ni heshima.

Tukang'oa tena. Hapo ndipo kazi ilipotushinda, maana hatukujua ubao upi ulikuwa wapi. Mashimo ya misumari yalifanana yote. Mama Mbula akaomba kigoda, akakaa uani, miguu mitupu mbele yake.

"Nileteeni mmoja mmoja. Uso wa zamani juu."

Mimi na Katunge tulibeba, tukaweka chini ya miguu yake. Yeye alipitisha wayo taratibu, vidole vikitafuta.

"Huu ni wa mlango wa chumba. Sikia, una bonde hapa, ndipo Nzioka alipokuwa akisimama kuvaa viatu. Huu una jicho," maana jicho ni pale tawi lilipoota, pagumu kuliko ubao wenyewe, "huu ni wa kona. Nikikanyaga jicho nageuka. Leteni mwingine. Huu... huu siujui."

"Hujui wa kwako, mwaitu?" Katunge akamtania.

"Wewe unawajua shemeji zako wote?"

"Wengine nawasahau makusudi."

"Basi na huu nimeusahau makusudi. Uwekeni pale ukutani, mimi siendi huko, ukutani wanakaa wageni."

Tukacheka wote, hata Kimeu, ingawa alificha. Kila ubao alioutaja Bwana Musembi aliupokea kama mtoto mchanga, akaulaza mahali pake. Mbao hatukuzipiga msasa tena. Tuliosha zile nyuso za zamani kwa mkono na sabuni, tukifuata nyuzi, tukaacha mabonde na macho yake yote. Kazi ilituchukua siku kadhaa, na kila jioni mama alitembea kipande kilichokamilika, Kimeu akimfuata nyuma mikono imenyooka, bila kumgusa.

Mwishowe ikabaki nafasi moja, juu ya ngazi.

"Sasa leteni wa ukingoni," mama akasema. "Huo ndio unaoniambia simama."

Tukatazamana. Katunge akageukia majivu ya moto wetu. Ikabidi mimi niseme. "Mwaitu, ule tuliuchoma. Ulikuwa umeoza. Ulichemsha chai."

Akavuta pumzi. "Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, mwaitu."

"Mtarakwa unawaka vizuri," akasema, lakini nilimwona akikunja mikono ndani ya leso. Kimeu naye alikuwa ameanza kutikisa kichwa. Bila ubao huo, zote zile zingine hazingemzuia kuangukia mawe.

Bwana Musembi akachukua ule ubao mpya, nao wa mtarakwa, akauchonga bonde katikati kwa randa na patasi. Mama akaukanyaga. "Hapana. Huu ni laini, nitaupita nikidhani ni wa ndani." Akauchonga tena. "Hapana." Fundi akafuta jasho. Nikachutama karibu na yule mama, nikamuuliza polepole, kama unavyomuuliza mtu kuhusu marehemu, "Ulikuwaje huo ubao, mwaitu? Tuambie wote."

"Ulikuwa na bonde. Na ulikuwa na msumari mmoja, kichwa kimekaa juu kidogo. Nzioka alikuwa akiugonga kila mwaka, nao kila mwaka unapanda. Alikuwa akiutukana. Mimi ndio nilikuwa namwambia awache."

Sasa ninyi mnaojifunza kazi hii lazima mjue maana ya jambo hili. Msumari uliochomoza ni aibu ya fundi. Bwana Musembi alikuwa amemfukuza mtu kazi kwa msumari uliochomoza. Alikuwa akipita na kiganja kila kazi ikiisha, na akiupata mmoja, sote tulikaa njaa mpaka uzamishwe. Nikamwona amesimama na nyundo, msumari mdomoni, kama mtu anayeambiwa aimbe vibaya kanisani kwa makusudi.

Akaupigilia. Akaacha kichwa juu.

"Zaidi," mama akasema, wayo juu yake. Akauvuta kidogo. "Ee. Lakini ulikuwa haunikwaruzi." Bwana Musembi akalala kifudifudi, akausugua kichwa kile kwa msasa laini mpaka kikawa mviringo kama kifungo cha shati. Mama akakanyaga tena. Akatulia. Uso wake ulilegea, akasema chini chini, "Hapo."

Kimeu akasema, "Haya, mama. Jikoni na kurudi."

Mama Mbula aliingia chumbani kwanza, akafunga mlango, akaufungua upya kama asubuhi. Akatoka. Hakupapasa. Alitembea kama mtu mwenye shughuli zake, kikombe kitupu mkononi, akapita bonde la Mzee Nzioka, akafika juu ya ngazi, akasimama, akageuka kutoka pale. Kwenye kona mguu ukakuta jicho, ukakunja. Akapotea jikoni. Tulisikia maji yakimiminwa. Kimeu alikuwa ameshika nguzo. Kisha mama akarudi na kikombe kimejaa, akasimama mbele ya mwanawe, akamnyooshea kwa pembeni kidogo ya mahali alipokuwa.

"Kunywa maji, Kimeu. Umesimama sana juani."

Kimeu alikunywa huku machozi yakimtoka, na suala la Athi River likaishia hapo. Mama Mbula aliishi katika nyumba ile mpaka Mungu alipomwita, na kwa mwanawe alikwenda kwa Krismasi tu, na alikuwa akirudi mapema.

Baada ya hapo Bwana Musembi aliendelea kugeuza mbao, lakini hakung'oa hata moja kabla ya kuomba wenye nyumba watembee juu yake, naye ameketi pembeni anatazama miguu. Wengine walidhani ni mganga. Na kila ubao aliuwekea alama ya chaki, hata wa kugeuzwa.

Mimi nilistaafu magoti yaliponikatalia, mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili. Siku hizi kuna mashine za maji zinazosafisha veranda kabla chai haijachemka, na vijana wanaoziendesha wanajua mambo ambayo mimi sikufundishwa. Sina ugomvi nao. Nawaomba tu wasiishikilie mashine karibu sana, inatafuna nyuzi, na wasiwe na haraka ya kuita kitu kibovu kabla ya kujua nani anakitumia.

Kuna kazi moja ambayo sikuiacha nilipostaafu. Kila mvua zikiisha, nilikuwa nikienda kwa Mama Mbula na kopo la mafuta na kitambaa. Mara ya mwisho nilichukua muda mrefu, nikipumzika kila baada ya mbao chache, yeye akinifuata nyuma kwa miguu mitupu.

"Umeruka mmoja," akasema.

"Wapi?"

"Huu hapa. Umekauka."

Nikarudi nikaupaka. "Nimezeeka, mwaitu. Magoti hayanisikii tena."

"Basi inuka ukae pale ukutani, kwa wageni," akasema. "Chai iko jikoni. Naenda kukuletea."

Nikakaa. Nikafunga macho, nikaisikiliza miguu yake ikienda.